Kifungo cha nje ni kifungo au ni uhuru? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Gazeti likiandika kwamba fulani "amehukumiwa kifungo cha nje", vijiweni huzuka kambi mbili. Moja inasema kaponyoka, nyingine inasema kafungwa. Mimi ni msaidizi wa kisheria, na maswali haya naulizwa na ndugu wa washtakiwa, na walalamikaji, na mara nyingi zaidi na mwenye kifungo mwenyewe, akiwa ameshafika nyumbani na karatasi mkononi asiyoielewa. Nimejibu kwa sheria za Tanzania Bara kwanza, kisha Kenya pale zinapotofautiana.

Kifungo cha nje ni nini hasa?

Ni jina la mitaani na la magazetini kwa adhabu ambayo mtu aliyetiwa hatiani haendi kuitumikia gerezani, ilimradi atimize masharti aliyopewa na mahakama. Hatia yake ipo na imeandikwa kwenye jalada. Kilichocheleweshwa ni makali ya adhabu, na yakicheleweshwa hivyo kwa muda wote uliowekwa bila yeye kukosea tena, hayatamfika. Upanga umerudishwa alani, haujatupwa.

Ugumu wa neno hili ni kwamba linabeba amri nne zilizo tofauti kabisa kisheria, na kila moja ina masharti yake. Anayezichanganya anaweza kuvunja sharti asilojua kuwa analo, na hilo nimeliona likiwapeleka watu gerezani.

Amri hizo nne ni zipi?

Ya kwanza ni kuachiwa kwa masharti. Tanzania Bara inatokana na kifungu cha 38 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Mahakama ikiona kwamba, kwa namna kosa lilivyo na tabia ya mkosaji ilivyo, haifai kumwadhibu, inaweza kumwachia moja kwa moja, au kumwachia kwa sharti kwamba asitende kosa lolote katika muda usiozidi miezi 12. Hapa hakuna miaka ya jela iliyotajwa. Hakimu hajasema "utafungwa miezi sita". Amesema "nenda, lakini ukikosea ndani ya muda huu utarudi hapa, nikuadhibu kwa kosa hili la leo". Kenya inayo amri ya aina hiyo katika kifungu cha 35 cha Kanuni yake ya Adhabu, nayo ina ukomo wa miezi 12.

Ya pili ni kifungo kilichositishwa. Hapa hakimu anataja kifungo, halafu anakizuia kisianze. Kenya imeliweka wazi jambo hili katika kifungu cha 15 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai: mahakama inayotoa kifungo kisichozidi miaka 2 inaweza kuamuru kisianze kutumikiwa, isipokuwa mkosaji atende kosa jingine ndani ya kipindi kilichowekwa. Ndiyo maana katika hukumu za aina hii kuna namba mbili, na wasomaji wengi hushika moja tu. Mfano unaokumbukwa na wengi ni wa mwanariadha Oscar Pistorius. Oktoba 2014, mbali na miaka 5 ya kosa la kuua, alipewa miaka 3 kwa kosa la kufyatua bastola ndani ya mgahawa, na hiyo miaka 3 ikasitishwa kwa miaka 5. Namba ya kwanza ni kifungo chenyewe, ya pili ni muda wa kujichunga. Sheria ya Afrika Kusini ya mwaka 1977 inaruhusu muda huo wa kujichunga ufike miaka 5.

Ya tatu ni probesheni, ambayo ofisi za serikali Tanzania huiita pia uangalizi. Mkosaji anawekwa chini ya afisa anayemfuatilia nyumbani na kazini na kuripoti mahakamani. Kenya muda wake ni kuanzia miezi 6 hadi miaka 3 chini ya Sheria ya Probesheni, Sura ya 64. Tanzania ni Sura ya 247, nayo haivuki miaka 3.

Ya nne ni huduma kwa jamii: kufagia hospitali, kupanda miti, kuzibua mitaro, kulima shamba la shule. Kenya ilitunga sheria yake mwaka 1998, Tanzania mwaka 2002. Nchi zote mbili zinaangalia ukomo wa miaka 3: ama kosa lenyewe adhabu yake haizidi hapo, au mahakama imeona kwamba kifungo kinachomstahili huyu mtu hakizidi hapo.

Gazeti limeandika "kifungo cha nje" tu. Nitajuaje ni amri ipi?

Angalia muda. Kama habari inatoka Tanzania Bara na inasema "kifungo cha nje cha miaka miwili", hiyo haiwezi kuwa kuachiwa kwa masharti chini ya kifungu cha 38, kwa sababu miezi 12 ndiyo mwisho wake. Itakuwa probesheni au huduma kwa jamii. Ikisema "miezi sita" au "miezi kumi na miwili" na hakuna kazi iliyotajwa wala afisa wa kumsimamia, yaelekea ni kifungu cha 38. Ukiona mahali pa kufanyia usafi, basi ni huduma kwa jamii.

Hii ni njia ya msomaji wa habari. Kama kesi ni yako au ya ndugu yako, usikisie. Omba nakala ya hukumu.

Kwa nini usiite tu "kifungo kilichoahirishwa"? Nimeliona kwenye kamusi.

Ukisikia "hukumu imeahirishwa" pale mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, au Milimani, Nairobi, maana yake ni kwamba hakimu hakuisoma leo: yuko likizo, au hajamaliza kuiandika, na mshtakiwa anarudi rumande au anaendelea na dhamana yake hadi tarehe nyingine. Hapo mtu hajatiwa hatiani bado. Sasa anayesoma "kifungo kimeahirishwa" kwa haraka anafikiri tarehe ya kwenda jela imesogezwa mbele tu, kwamba mwezi ujao atakwenda. Familia zimelia bure kwa neno hilo.

"Kilichositishwa" nalipenda zaidi kwa kifungo chenye namba mbili, kwa sababu linasema wazi kwamba kuna kitu kilichotamkwa kisha kikazuiwa. "Kuachiwa kwa masharti" libaki kwa kifungu cha 38. Na "kifungo cha nje" liendelee kutumika mtaani, kwa kuwa limeshazoeleka na kila mtu analielewa kwa ujumla wake, ila lisiingie kwenye barua ya mahakama, wala kwenye fomu ya ajira, wala kwenye maelezo unayompa wakili. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 Kiswahili ni lugha ya sheria na ya mahakama Tanzania. Kazi ya kuchagua maneno sahihi imekuwa yetu sote, na inahitaji umakini kuliko zamani, wakati hukumu nyingi ziliandikwa kwa Kiingereza na Kiswahili kilibaki cha kusimuliana nje ya jengo.

Watangazaji wa mpira husema mchezaji "amesimamishwa" na pia "adhabu imesimamishwa". Ni kitu kimoja?

Ni kinyume. Mchezaji akisimamishwa, hachezi. Adhabu ikisimamishwa, anacheza, lakini akirudia kosa ndani ya muda uliowekwa, mechi zile alizosamehewa zinaongezwa juu ya adhabu mpya. Mtangazaji akisema "kufungiwa" kwa mchezaji na "kusitishwa" kwa adhabu, hakuna atakayechanganyikiwa.

Je, matajiri na watu wenye majina ndio wanaopewa?

Naelewa uchungu ulio ndani ya swali hili. Kesi zinazosikika ni zao, kwa hiyo neno limeshikamana nao. Mwaka 2015 Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu iliwatia hatiani waliokuwa mawaziri, Basil Mramba na Daniel Yona, kwa matumizi mabaya ya madaraka katika msamaha wa kodi ulioigharimu Serikali shilingi bilioni 11.7. Walipewa miaka 3, Mahakama Kuu ikapunguza ikawa 2, na Februari 2016 wakatolewa gerezani kwenda kumalizia kwa huduma kwa jamii. Nchi nzima iliona picha za wazee wale wakifanya usafi Hospitali ya Palestina, Sinza, kazi waliyopangiwa kwa muda wa saa nne kila siku. Msanii wa filamu Elizabeth Michael, aliyefungwa miaka 2 mwezi Novemba 2017 kwa kuua bila kukusudia, naye alitolewa Mei 2018 akamalizia nje kwa njia hiyo hiyo.

Kesi hizo mbili zinafundisha jambo ambalo wengi hawalijui: kifungo kinaweza kuanzia ndani kikaishia nje. Magereza wanaweza kuiandikia mahakama kupendekeza mfungwa fulani abadilishiwe, afisa wa uangalizi akachunguza, mahakama ikaamua.

Ila ukikaa mahakama ya mwanzo au ya wilaya asubuhi moja tu, utaona wanaopewa kifungo cha nje ni akina sisi. Aliyepigana kilabuni. Aliyeiba kuku wawili akakiri. Mama aliyekutwa na lita chache za gongo. Mahakama ya mwanzo haiwezi kufunga zaidi ya miezi 12 kwa kawaida, na makosa mengi yanayofika pale ni ya namna hiyo. Hawapigwi picha. Tatizo la kweli ninaloliona ni jingine: mwenye wakili anajua kuomba, asiye na wakili hajui kwamba kuna kitu cha kuomba.

Basi inaombwaje?

Baada ya hakimu kusema "mahakama inakutia hatiani", mwendesha mashtaka huulizwa kama kuna kumbukumbu za makosa ya nyuma, kisha mshtakiwa hupewa nafasi ya kusema kwa nini asipewe adhabu kali. Wengi hapo hujibu kwa sentensi moja, "naomba mnisamehe", wakanyamaza. Dakika hiyo ina thamani kubwa. Sema kama ni kosa lako la kwanza. Sema kama ulikiri mapema na hukuisumbua mahakama. Taja umri wako, ugonjwa wako kama una cheti cha hospitali, watoto wanaokutegemea na wako wapi sasa. Kama umeshamrudishia mlalamikaji mali yake au umemlipa, sema, na leta ushahidi. Halafu tamka ombi lenyewe: "Naomba mahakama inifikirie kifungo cha nje, kwa kuachiwa kwa masharti au kwa huduma kwa jamii." Hakimu anaweza kuamuru afisa wa uangalizi alete ripoti juu yako kabla ya kuamua. Afisa huyo atafika nyumbani, ataongea na mwenyekiti wa mtaa, pengine na mlalamikaji. Mpe ushirikiano.

Probesheni na huduma kwa jamii havilazimishwi. Utaelezwa masharti na kuulizwa kama unakubali. Ukikataa, hakimu anabaki na adhabu nyingine.

Makosa gani hayawezi kupewa kifungo cha nje?

Yale ambayo sheria yenyewe imefunga mlango. Unyang'anyi wa kutumia silaha Tanzania kima cha chini ni miaka 30. Ubakaji vilevile huanzia miaka 30. Hapo hata hakimu mwenye huruma namna gani hana pa kusogea. Kifungu cha 38 kinatamka kwamba hakihusu kosa ambalo adhabu yake imepangwa na sheria. Kenya nako, kifungo kikishavuka miaka 2 hakisitishiki kwa kifungu cha 15.

Nikikosea tena ndani ya muda, nini kinatokea?

Inategemea amri, na hapa ndipo kutofahamu kunapouma.

Kenya, chini ya kifungu cha 15, kifungo kilichokuwa kimesitishwa kinaamka, na adhabu ya kosa jipya inafuata baada yake. Havitumikiwi kwa pamoja. Mtu aliyekuwa na mwaka mmoja uliositishwa, akafungwa miezi 8 kwa kosa jipya, anakabiliwa na miezi 20. Na sheria haikusema kosa jipya liwe kubwa: hata lile ambalo adhabu yake ni faini linatajwa.

Tanzania chini ya kifungu cha 38, unarudishwa mahakamani na kuadhibiwa kwa lile kosa la mwanzo kana kwamba ndiyo kwanza umetiwa hatiani. Kwa kuwa hakuna namba iliyokuwa imetajwa, hakimu anaanza upya, ndani ya kile kinachoruhusiwa kwa kosa hilo.

Kwenye huduma kwa jamii na probesheni huhitaji hata kutenda kosa jipya. Kutofika kazini, kuhama bila kumwambia afisa, kuja umelewa, hivyo tu vinatosha afisa aandike kwa mahakama. Mahakama inaweza kukuonya, ikabadilisha masharti, au ikaifuta amri na kukupa adhabu uliyokuwa umeiepuka.

Kwa hiyo mwenye kifungo cha nje akiugua na kushindwa kufika kwenye kazi aliyopangiwa, atume mtu siku ileile, na karatasi ya hospitali ifuate. Afisa si adui yako. Wengi wao nimewaona wakihangaika kuwatetea watu waliowasimamia, pale tu walipoambiwa ukweli mapema.

Naruhusiwa kusafiri au kuhama?

Kama ni kifungu cha 38 na sharti pekee ni kutotenda kosa, ndiyo. Kama uko kwenye probesheni, mwambie afisa kabla, kwa maana makazi yako ni sehemu ya masharti. Huduma kwa jamii inakutaka mahali fulani kwa saa fulani, hivyo usiondoke bila ruhusa ya maandishi.

Mimi ni mlalamikaji. Aliyenipiga yuko mtaani ananicheka. Sheria imenisaidia nini?

Pole sana. Swali lako ndilo linaloniumiza kuliko yote hapa, kwa sababu mara nyingi hakuna aliyekueleza kitu siku ya hukumu. Ulitoa ushahidi, ukarudi kwenye shughuli zako, halafu ukamwona yule mtu sokoni.

Kwanza, ametiwa hatiani. Neno lako liliaminika mbele ya mahakama. Pili, kifungo cha nje hakimzuii hakimu kuamuru akulipe fidia. Kama haikuamriwa, muulize mwendesha mashtaka au wakili kuhusu kuidai, na unaweza pia kufungua kesi ya madai. Tatu, akikutisha, akikutukana, akikufuata nyumbani, hayo yanaweza kuwa makosa mapya. Nenda polisi na uwaambie kabisa kwamba huyu mtu yuko chini ya amri ya mahakama, ukitaja namba ya kesi. Maneno hayo yanabadilisha namna malalamiko yako yatakavyopokelewa. Nne, kama unaona adhabu ilikuwa ndogo kupita kiasi, Mkurugenzi wa Mashtaka anayo haki ya kukata rufaa dhidi yake. Wewe peleka hoja yako ofisini kwake mapema, maana rufaa zina muda.

Tofauti yake na dhamana ni ipi?

Dhamana ni ya mtu ambaye kesi yake haijaisha na bado anahesabiwa hana hatia. Kifungo cha nje ni cha mtu aliyekwisha kutiwa hatiani. Mtu aliyesema "nimepewa dhamana, kesi imeisha" hajaelewa alichopewa. Kesi inaendelea na asipofika tarehe iliyotajwa atakamatwa.

Na kifungo cha nyumbani, parole, msamaha wa Rais?

Kifungo cha nyumbani ni kuzuiwa usitoke ndani ya nyumba yako. Historia ya siasa za Afrika inao wengi waliowekwa hivyo bila hata kufikishwa mahakamani. Parole ni kuachiwa mapema kwa mfungwa aliyekwisha kutumikia sehemu ya kifungo chake gerezani, na anayeamua si hakimu ila utaratibu wa Bodi ya Parole. Msamaha wa Rais Tanzania unatoka kwenye Ibara ya 45 ya Katiba na hutangazwa zaidi siku kama za Muungano au Uhuru. Unaweza kufuta kifungo au kukipunguza.

Na Zanzibar je?

Zanzibar ina Sheria yake ya Adhabu, ya mwaka 2018, na gereza kule huitwa Chuo cha Mafunzo. Kwa hiyo usishangae kusoma kwamba mtu "ametakiwa kutumikia Chuo cha Mafunzo", ndiyo jela. Usichukue kifungu cha 38 cha Bara ukakipeleka mahakamani Mwanakwerekwe, Unguja.

Mtoto akikosa?

Sheria ya Mtoto ya Tanzania Bara, ya mwaka 2009, inakataza mtoto kuhukumiwa kifungo. Anaweza kuachiwa kwa masharti, kuwekwa chini ya uangalizi, wazazi wakaamriwa kulipa, au akapelekwa shule ya maadilisho. Kwa hiyo kwa mtoto hata maneno "kifungo cha nje" si sahihi, na naomba waandishi wa habari wayaache.

Hukumu ya kifo isiyotekelezwa kwa miaka mingi, hiyo nayo ni adhabu iliyositishwa?

Hapana. Kenya haijanyonga mtu tangu 1987 na Tanzania imekaa bila kunyonga tangu miaka ya 1990, lakini hakuna mahakama iliyowawekea wafungwa hao masharti kwamba wakitulia hawatanyongwa. China ndiko kuna hukumu ya kifo yenye ahirisho la miaka 2: mfungwa asipotenda kosa la makusudi ndani ya muda huo, adhabu hubadilishwa, kwa kawaida kuwa kifungo cha maisha.

Wazo hili lilianzia wapi?

Boston, Marekani, mwaka 1841, mshona viatu aliyeitwa John Augustus alimwona mlevi mahakamani, akamwekea dhamana na kumwombea hakimu muda ajirekebishe. Mtu yule aliporudi alikuwa amebadilika, na Augustus akaendelea kuwachukua wengine kwa miaka mingi. Jimbo la Massachusetts likaweka sheria ya probesheni mwaka 1878. Ulaya, Ubelgiji ilitunga sheria ya kusitisha kifungo mwaka 1888 na Ufaransa ikafuata 1891. Uingereza iliweka probesheni mwaka 1907, na ukoloni wa Kiingereza ukaileta Kenya na Tanganyika katika miaka ya 1940. Wenzetu wa Lubumbashi na Bukavu, Kongo, walipokea mkondo wa Ubelgiji, ndiyo sababu utawasikia katikati ya Kiswahili chao wakisema mtu amepewa sursis, neno la Kifaransa la kifungo kilichositishwa.

Sidhani kama wazo lenyewe lilikuwa geni kwetu. Wazee wa barazani waliokuwa wakimtoza mtu mbuzi na kumwambia "tukikuona tena hapa, utahama kijiji" walikuwa wakifanya jambo la aina hiyo.

Kwa nini Messi hakwenda jela?

Julai 2016 mahakama ya Barcelona ilimpa Lionel Messi miezi 21 kwa udanganyifu wa kodi. Sheria ya Hispania inaruhusu kusitisha kifungo kisichozidi miaka 2 kwa mtu asiye na makosa ya nyuma, kwa hiyo tangu siku ya kwanza ilijulikana hataingia gerezani. Mwaka 2017 miezi ile ikabadilishwa kuwa faini ya euro 252,000. Cristiano Ronaldo, Januari 2019, alipewa miezi 23 naye hakuingia, akalipa mamilioni. Mashabiki waliobishana "huyu wetu kaachiwa, wenu kafungwa" walikuwa wakibishana juu ya kitu kimoja.

"Siku za mwizi ni arobaini" ina uhusiano na hili?

Methali hiyo inasema juu ya mtu ambaye hajakamatwa bado, siku zinahesabika. Mwenye kifungo cha nje amekwisha kukamatwa na kuhukumiwa, na siku zake anahesabu akielekea kwenye usalama. Wengine huniuliza pia kuhusu istidraji, neno la mashekhe kutoka aya ya 182 ya Sura Al-A'raf, linalohusu mwovu anayeachwa aneemeke huku akivutwa kidogo kidogo kwenye adhabu asiyoijua. Tofauti na kifungo cha nje iko hapo hapo: mwenye kifungo cha nje ameambiwa masharti yake na tarehe ya mwisho, wazi, kwa lugha anayoielewa. Asipoambiwa, haki yake imevunjwa.

Nimeomba viza ya Marekani. Fomu inauliza kama nimewahi kuhukumiwa. Kifungo changu kilikuwa cha nje, nijaze hapana?

Usijaze hapana. Sheria ya uhamiaji ya Marekani inahesabu muda wa kifungo kama ulivyoamriwa na mahakama hata kama kilisitishwa chote. Miezi 12 iliyositishwa kwao ni miezi 12. Kinachowaharibia watu wengi zaidi ni kule kuficha, maana udanganyifu kwenye fomu ni tatizo jipya linalojitegemea. Tafuta nakala ya hukumu, itafsiriwe vizuri, na mwone wakili wa uhamiaji kabla ya kutuma chochote. Ndugu walioko huko tayari, hasa wenye makazi ya kudumu, wasikubali kukiri kosa mahakamani kwa sababu tu wameahidiwa hawataingia jela, bila kwanza kuuliza kitakachotokea kwenye karatasi zao.

Naweza kukata rufaa ingawa sikufungwa ndani?

Ndiyo. Unaweza kupinga kutiwa hatiani, au masharti, au vyote. Kutoka mahakama ya mwanzo kwenda ya wilaya una siku 30. Kutoka mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi kwenda Mahakama Kuu Tanzania, taarifa ya nia ya kukata rufaa itolewe ndani ya siku 10, na rufaa yenyewe iwasilishwe ndani ya siku 45. Kenya ni siku 14. Usiache siku zikapita kwa kuwa unalala nyumbani.

Nikiwa bado nimesimama kizimbani na hakimu ameshasema, niulize nini?

Nyoosha mkono, sema "Mheshimiwa, naomba kufafanuliwa." Uliza ni amri ya aina gani na imetolewa chini ya kifungu gani. Uliza inaanza lini na inaisha tarehe gani, kwa tarehe na si kwa miezi. Uliza kama kuna afisa unayetakiwa kumwona, ofisi yake iko wapi, na lini mwisho wa kufika mara ya kwanza. Kama kuna fidia au faini, uliza inalipwa wapi na utapewa risiti gani. Kisha nenda kwa karani uombe nakala ya amri siku hiyohiyo. Ukiambiwa urudi wiki ijayo, andika jina la ofisi na tarehe uliyoambiwa, na urudi. Piga picha karatasi hiyo kwa simu, mtumie mtu mmoja unayemwamini. Muda ukiisha, rudi kwa karani huyo uombe ithibitishwe kwa maandishi kwamba umemaliza. Msiyeweza kusoma, nendeni na mtu au tafuteni msaidizi wa kisheria wa kata yenu. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inatutambua, na huduma hii ni bure.